Vifupisho vya Simu na Misimu ya Mtandaoni: Je, Ni Lugha Nyingine?

Popote Kiswahili kinapofundishwa husikika lalamiko moja, na Kampala nayo haikusalimika. Husemwa kwamba vijana wanaiharibu lugha. Ujumbe wao wa simu umejaa tarakimu katikati ya maneno, herufi “x” imeketi mahali pa “s”, na irabu zimetoweka. Wanaolalamika huhitimisha kuwa hiyo ni lugha nyingine kabisa, isiyohusiana na ile inayozungumzwa nyumbani, sokoni Owino au ndani ya teksi iendayo Ntinda.

Makala haya yanauliza iwapo hitimisho hilo ni sahihi. Wahenga walisema, “Usione vyaelea, vimeundwa.” Hata ujumbe wa herufi kumi una waundaji wake na sababu zake, na ndiyo maana jibu tutalitafuta katika historia. Kabla ya kuanza, yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kifupisho, yaani namna ya kuliandika neno kwa herufi chache kuliko kawaida. La pili ni msimu, yaani neno au usemi uliozuliwa na kundi fulani la watu, ukapewa maana yake wenyewe, na ambao mara nyingi hupita na wakati. Kifupisho ni suala la maandishi. Msimu ni suala la msamiati. Atakayeyaweka katika kapu moja hatapata jibu lolote la maana.

Ufupisho ni wa kale

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa hati za Kilatini. Zipo barua za Kiswahili za mwaka 1711 kutoka Kilwa ambazo zimehifadhiwa Goa, nchini India. Hati ile ilikuwa na alama za irabu tatu tu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Sauti “i” na “e” zilitumia alama moja, na “u” na “o” vivyo hivyo. Isitoshe, herufi ya “b” mara nyingi ilibeba pia sauti “p” na “mb”. Kwa mwandiko wa namna hiyo, neno “pembe” na neno “bibi” yaliweza kuchukua umbo lile lile, na msomaji akategemea muktadha ili kujua kama barua inazungumzia meno ya tembo au mke wa mtu.

Desturi hiyo ilifika hata huku kwetu. Wafanyabiashara wa pwani waliingia Buganda wakati wa Kabaka Suuna II, na katika enzi ya mwanawe, Muteesa I, Kiarabu na Kiswahili vilisikika ikulu, naye Kabaka mwenyewe alijifunza hati za Kiarabu. Athari ya safari zile ingali katika Luganda hadi leo: “bbaluwa” ni barua, “ekitabo” ni kitabu, “edduuka” ni duka, na “ssabbuuni” ni sabuni. Kwa hiyo watu wa kwanza kusoma na kuandika katika nchi hii walizoea maandishi ambayo hayakutaja kila sauti. Msomaji alitarajiwa kujaza pengo kwa akili yake, kama vile afanyavyo leo anayepokea “lkn” na kusoma “lakini”.

Wazungu nao walikuwa na vifupisho vyao. Mwaka 1917 Lord Fisher, kiongozi mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, alimwandikia Winston Churchill barua yenye herufi “OMG”, akifafanua kwamba zinasimama mahali pa maneno ya mshangao yanayomtaja Mungu. Vijana wa leo hudhani herufi hizo zilizaliwa pamoja na simu zao, kumbe zimepita miaka 100.

Ikaja simu ya maandishi, ambayo malipo yake yalihesabiwa kwa neno. Aliyetuma aliondoa kila neno lisilo la lazima. Hapo Kiswahili kilikuwa na bahati yake: kitenzi kimoja kama “nitawaletea” hubeba mtendaji, wakati, watendewa na tendo, na bado ni neno moja tu. Hakuna aliyesema kwamba lugha ya telegramu ingewaua wasemaji wa lugha. Ilieleweka kuwa ni mwandiko wa kazi maalumu.

Hesabu ya kidole gumba

Simu ya mkononi ilianza kutoa huduma Uganda katikati ya miaka ya 1990, na ushindani wa kampuni ulipoongezeka kuanzia mwaka 1998, chombo hicho kilitoka mikononi mwa matajiri kikafika kwa mwendesha boda boda na mwuza ndizi. Pamoja nacho ulikuja ujumbe mfupi. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo duniani ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu ya Krismasi. Ujumbe mmoja ulibeba herufi 160 tu, na aliyepita kiwango hicho alilipia ujumbe wa pili. Kwa mtu anayenunua muda wa maongezi kwa shilingi chache, kila herufi ilikuwa na bei.

Lakini bei haikuwa sababu pekee. Kumbuka umbo la simu za wakati ule. Vitufe vya tarakimu vilibeba herufi tatu au nne kila kimoja. Herufi “s” ilikaa nafasi ya nne katika kitufe cha 7, hivyo ilihitaji kubonyezwa mara nne. Herufi “x” ilikaa nafasi ya pili katika kitufe cha 9, ikahitaji mara mbili tu. Sasa tufanye hesabu. Kuandika “sasa” kulidai mibonyezo 10: minne ya “s”, mmoja wa “a”, minne tena, na mmoja wa mwisho. Kuandika “xaxa” kulidai mibonyezo 6. Idadi ya herufi haikupungua hata kidogo, bali kazi ya kidole ilipungua karibu nusu. Mtu anayeshangaa kwa nini kijana abadilishe herufi bila kulifupisha neno, jibu mojawapo liko katika kitufe hicho.

Tarakimu 2 nayo ina hesabu yake. “Watu” likawa “wa2”, “kitu” likawa “ki2”, na “tunakuja” likawa “2nakuja”. Hapa hakuna mibonyezo iliyookolewa, kwa kuwa “t” na “u” zilidai mitatu kwa jumla, na tarakimu yenyewe ilipatikana baada ya herufi zote za kitufe chake kupita, au kwa kukishikilia kitufe muda mrefu. Kilichookolewa ni nafasi katika zile herufi 160. Tena angalia ujuzi unaotakiwa: ili “2” isomwe “tu”, mwandishi na msomaji lazima wajue jina la tarakimu hiyo kwa Kiingereza, kisha walisikie kama silabi ya Kiswahili. Ndivyo ilivyo pia kwa “cjui”, ambapo jina la Kiingereza la herufi “c” linasikika kama “si”. Watumiaji wa Luganda hufanya vivyo hivyo waandikapo “2genda” kwa maana ya “tugenda”. Huu ni mchezo wa watu wenye lugha mbili au tatu kichwani, nao ni picha halisi ya Kampala.

Baadaye zikaja simu za kugusa kioo, zenye herufi zote mbele ya macho. Faida ya “xaxa” ikaisha, kwani “s” na “x” sasa zinagharimu mguso mmoja mmoja. Hata hivyo, mwandiko huo haukufa siku ile. Ulikuwa umegeuka alama ya rika: anayeandika “xaxa” anatangaza kuwa yeye ni kijana anayezungumza na kijana mwenzake. Kilichoanza kama akiba ya jasho kikawa vazi.

Sarufi haikuguswa

Sasa tuupime ujumbe wenyewe. Mtu anaandika: “Cjui 2taonana xaa ngapi, lkn n2makuja.” Sentensi hii inachukiza jicho la mwalimu. Lakini isome kwa sauti, nawe utasikia: “Sijui tutaonana saa ngapi, lakini ntumakuja.” Neno la mwisho halisomeki, na ni haki lisisomeke, kwa sababu nimelitunga kwa kuvunja kanuni. Hakuna kijana atakayeandika hivyo. Ataandika “lkn nakuja” au “lkn 2nakuja”, kwa maana hata yeye anajua kwamba “tu-” huja mahali pa nafsi na si penginepo.

Tazama yaliyobaki. Kikanushi “si-” kiko mahali pake mwanzoni mwa kitenzi. Kiambishi “-ta-” cha wakati ujao kimefuata nafsi “tu-” kama sarufi inavyoagiza. Kiambishi “-an-” kinachoonyesha kwamba watu wanatendeana kimetangulia irabu ya mwisho. Hakuna kilichobadilika isipokuwa tahajia. Mwenye kuandika “2taonana” anakijua Kiswahili kwa kiwango kile kile cha mwenye kuandika “tutaonana”, na mgeni asiyejua viambishi hawezi kuandika lolote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo jibu la sehemu ya kwanza ni hili: kifupisho cha simu si lugha nyingine. Ni lugha ya kila siku iliyovaa nguo fupi. Wala hakiko mbali na mazungumzo. Mara nyingi kiko karibu nayo kuliko barua rasmi, kwa kuwa huandikwa kama mtu anavyosema.

Misimu ya Kampala kabla ya simu

Misimu ni habari tofauti. Wengi huamini kwamba mtandao ndio uliouzaa msimu. Historia ya jiji letu inakanusha.

Kiswahili hakikuingia Kampala kwa mlango wa shule. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa Uganda, upinzani ulikuwa mkali, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa II aliupinga mpango huo kwa maandishi. Ni kejeli ya historia kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa lugha, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi 1962. Kamusi na tahajia zilijadiliwa juu ya kilima cha Makerere, huku shule nyingi zilizokizunguka kilima hicho hazifundishi lugha hiyo. Kiswahili kikabaki lugha ya kambi ya jeshi, karakana, soko na barabara. Lugha inayolelewa barabarani huzaa misimu.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na biashara zao zikagawiwa watu wengine. Matajiri hao wapya walipewa jina “mafuta mingi”. Bidhaa zilipoadimika, biashara ya siri ikaitwa “magendo”, neno la Kiswahili sanifu ambalo huku lilikuja kuutaja uchumi mzima wa enzi hiyo. Katika miaka ya 1980, askari walipofunga mitaa na kuwapakia wanaume katika malori, watu waliiita operesheni hiyo “panda gari”. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, “panda gari” ni amri ya kawaida ya kituo cha basi. Kwa mzee wa Kampala, maneno hayo mawili yanaweza kumnyamazisha katikati ya mazungumzo.

Yachunguze maneno hayo kwa jicho la sarufi. “Mafuta mingi” hakuna herufi iliyopungua wala tarakimu iliyopenya, lakini upatanisho umevunjwa, kwa kuwa Kiswahili sanifu husema “mafuta mengi”. Hili ndilo jambo ninalotaka mwanafunzi alikumbuke kuliko yote: “2taonana” limevunja tahajia na kuihifadhi sarufi, ilhali “mafuta mingi” limehifadhi tahajia na kuivunja sarufi. Jicho hulaumu la kwanza. Mwanaisimu atakwambia la pili ndilo lililosafiri mbali zaidi na kanuni. Na hata hilo la pili halifai kudharauliwa, maana limetuhifadhia kumbukumbu ya mgawo wa mali ambao vitabu vingi huupitia kwa sentensi moja. Vijana wa leo waitwao “bayaaye”, pamoja na maneno yao yanayochanganya Luganda, Kiswahili na Kiingereza, wanaendeleza kazi ileile. Mtandao umeongeza kasi tu: msimu uliochukua mwaka mzima kutoka Kisenyi hadi Gulu sasa huchukua alasiri moja.

Serikali nayo hufupisha

Wanaowalaumu vijana husahau kwamba mfupishaji mkuu katika nchi hii ni ofisi. Mtu wa kawaida Kampala huenda kwa LC kuomba barua, huwalipa URA kodi, hulaumu KCCA kwa takataka, na kumwandaa mtoto kwa mtihani wa UNEB. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997 unajulikana hadi vijijini kwa herufi tatu: UPE. Wako watu wasiojua Kiingereza hata kidogo lakini hutamka herufi hizo kila siku, kama maneno ya lugha mama.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 1 Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilijulikana kwa herufi OTT. Sheria ilikuwa na maelezo marefu, lakini wananchi walishika herufi tatu, na punde si punde likawa jambo la kawaida kumsikia mtu akisema hajalipa OTT, akimaanisha kwamba hapatikani kwenye mtandao. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, na badala yake ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Kifupisho kilichozaliwa ofisini kikawa msimu wa mtaani, kisha kikazeeka ndani ya miaka mitatu. Ni nani basi aliyeiharibu lugha?

Kiswahili sanifu chenyewe kimejaa vifupisho vyenye heshima. Tunaandika “n.k.”, “k.m.”, “S.L.P.” na “Bw.” bila aibu. “UKIMWI” ni herufi na silabi zilizookotwa kutoka “Upungufu wa Kinga Mwilini”, na leo hakuna anayelihesabu kuwa neno la uhuni. Kinachokipa kifupisho heshima ni makubaliano ya wanaokitumia na mahali kinapotumika.

Tofauti iko wapi?

Tofauti ya kweli, basi, ni ya rejista: lugha ileile hubadilisha mavazi kulingana na mahali, msikilizaji na kusudi. Huu si mjadala wa darasani tu. Mwaka 2007 serikali ilipopanga kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi takribani hekta 7,100 za msitu wa Mabira, ujumbe mfupi ulizunguka nchini ukiwasihi watu wasinunue sukari ya kampuni hiyo. Tarehe 12 Aprili maandamano ya Kampala yaligeuka ghasia, na watu wakapoteza maisha. Baadaye mwaka huo mpango uliwekwa kando. Aprili 2023, mhadhiri na mchoraji wa vibonzo Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika wananchi waonyeshe mtandaoni picha za mashimo ya barabara zetu chini ya alama moja ya reli. Rais aliagiza KCCA ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Maneno machache ya simu yameweza kuisogeza serikali.

Hata hivyo, ujumbe huita watu, wala hauandiki sheria. Baada ya kelele, lazima pawepo mtu wa kuandika ombi kwa baraza, kusoma mkataba, na kufuata muswada kifungu kwa kifungu. Pale “xaxa” na “wa2” havina nguvu. Kwa nini? Barua ya ofisini husomwa na mtu asiyekujua, pengine miaka 20 baadaye, asiyeweza kukuuliza ulimaanisha nini. Uandishi kamili ni adabu kwa msomaji wa mbali, kama kifupisho kilivyo ukaribu kwa msomaji rafiki. Raia mwenye rejista moja tu ana mkono mmoja, iwe rejista hiyo ni ya simu au ya ofisi.

Jambo hili linawahusu ninyi, wanafunzi wangu, kwa namna ya pekee. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nyaraka za Kiswahili zitakapoanza kuandikwa katika ofisi za Kampala, ninyi ndio mtakaoziandika. Mtaamua kama “S.L.P.” itachukua mahali pa kifupisho cha Kiingereza kwenye bahasha, na kama LC itapata jina la Kiswahili ambalo bibi wa Mpigi atalielewa. Basi msione haya kwa ujumbe wenu wa simu. Jifunzeni pia kuandika ukurasa mzima ambao mtu asiyewajua anaweza kuusoma asikose neno hata moja.

Maswali ya kujadili

1. Andika ujumbe mfupi wa simu ukimwomba rafiki aje mkutanoni, kisha uuandike upya kama barua kwa mwenyekiti wa kijiji. Ni nini kilichobadilika: tahajia, msamiati au sarufi?

2. Waulize wazee wawili wa mtaani kwenu misimu waliyoitumia walipokuwa vijana. Kila msimu unatueleza nini kuhusu wakati wao?

3. Chagua kifupisho kimoja cha serikali unachokisikia kila siku, ueleze kirefu chake kwa Kiswahili, kisha upendekeze kifupisho chake cha Kiswahili.